Askari aliyefukuzwa kwa ukatili asipewe bunduki tena

MKAZI wa Ggaba akipigwa na askari polisi leo jioni mpaka akavunjika mkono, kesho asubuhi ataanzia wapi?

Swali hili linaonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu. Ggaba ni mji wa mwaloni, upande wa kusini-mashariki wa Kampala, mahali ambapo boti za wavuvi huingia alfajiri, wachuuzi hugombania sangara, ngege na mukene, na bodaboda husubiri abiria wa Bunga, Kansanga na Kabalagala. Sehemu kubwa ya maji yanayonywewa jijini husukumwa kutoka hapo. Si kijiji cha mbali kisichofikiwa na mkono wa sheria. Polisi wapo, wenyeviti wa mitaa wa LC1 wapo, na kwa mwendo mfupi wa pikipiki ipo hospitali ya rufaa ya Kiruddu.

Basi mtu wetu atapelekwa Kiruddu na mganga atamfunga mkono. Lakini ili jeraha lile liwe ushahidi mbele ya hakimu, ataulizwa Fomu ya Polisi namba 3, ile ambayo wengi wanaiita PF3. Fomu hiyo hutolewa na polisi. Mwenye mkono uliovunjwa na askari anatakiwa arudi kituoni, asimame kaunta, na amwombe afande wa zamu karatasi ya kumshitakia afande mwenzake. Akitaka kulalamika rasmi, Sheria ya Polisi inampa haki ya kuandika malalamiko yake, kuyatia saini na kuyapeleka kwa mkuu wa polisi wa wilaya, yaani kwa bosi wa aliyempiga. Wahenga walikwisha kuliona jambo hili zamani: kesi ya nyani akipelekewa ngedere, hukumu inajulikana kabla mashahidi hawajaitwa.

Tutaambiwa kwamba zipo njia nyingine. Ni kweli. Polisi wana kitengo chao cha kusimamia maadili, kinachojulikana kwa herufi PSU, na wapo wananchi ambao kimewasaidia. Hatukibezi. Lakini nacho ni cha polisi, kinaongozwa na polisi, na taarifa zake huishia kwa polisi. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, iliyoundwa na Katiba ya mwaka 1995, ambayo ina baraza la kusikiliza malalamiko na uwezo wa kuamuru mtu alipwe fidia. Katika taarifa za Tume hiyo za miaka mingi, polisi wamekuwa wakitajwa juu kabisa miongoni mwa wanaolalamikiwa kwa mateso. Tume inaweza kuamuru fidia, lakini aliyetesa huendelea kuvaa magwanda yake.

Gazeti hili linaamini kwamba kiini cha tatizo kipo hapo. Nchi yetu haina upungufu wa maneno mazuri ya kukataza ukatili. Inachokosa ni mambo mawili ya kawaida kabisa: kanuni iliyo wazi kwa kila askari kuhusu lini atumie nguvu na kiasi gani, na daftari la kitaifa la wale walioonekana hawafai, ili aliyeondolewa kwa ukatili Kabalagala asije akakutwa na bunduki Jinja au mlangoni mwa benki.

Tuanze na hilo la kwanza.

Katiba, katika kifungu cha 24, inakataza mateso na adhabu za kikatili, na kifungu cha 44 kinasema katazo hilo halina kisingizio, hata wakati wa hatari. Kifungu cha 221 kinavitaka vyombo vyote vya ulinzi na usalama viheshimu haki za binadamu vinapofanya kazi. Haya hayana utata. Ukishuka kwenye Sheria ya Polisi ya mwaka 1994, ndipo mambo yanapoanza kulegea. Kifungu kinachohusu matumizi ya silaha, ambacho kwa hesabu ya zamani kilikuwa cha 28, kinamruhusu askari kumpiga risasi mtu aliyeshitakiwa au kuhukumiwa kwa kosa kubwa anapotoroka kutoka mikononi mwa dola, mtu anayetumia nguvu kumkomboa mwingine, au anayezuia kwa nguvu kukamatwa kwake. Askari anatakiwa kwanza awe na sababu ya kuamini kwamba hakuna njia nyingine, atoe onyo, na onyo lipuuzwe. Kisha sheria inasema kwamba kwa kadiri inavyowezekana, risasi iwe ya kumlemaza mtu na si ya kumuua.

Msomaji asome tena maneno hayo. Mtu anayekimbia, hana silaha, hamtishi yeyote kwa wakati ule, anaweza kupigwa risasi kwa sababu tu kosa analoshitakiwa nalo lina jina kubwa kwenye vitabu. Umoja wa Mataifa uliweka kanuni za msingi za matumizi ya nguvu na silaha za moto mjini Havana mwaka 1990, na kanuni hizo ni kali zaidi: silaha ya kuua hutumika kwa makusudi pale tu ambapo haiepukiki kabisa ili kuokoa maisha. Havana haikuzungumzia ukubwa wa kosa. Ilizungumzia uhai ulio hatarini.

Na hilo la kumlemaza mtu kwa risasi, yeyote aliyewahi kushika bunduki atakuambia ni ndoto. Mtu anakimbia katika kichochoro cha Ggaba chenye meza za samaki pande zote, askari ana mapigo ya moyo kama ngoma, halafu sheria inamtaka achague mguu. Risasi ikikosa mguu haipotei hewani. Inakwenda kumtafuta muuza nyanya.

Tulikwisha kuyaona. Septemba 2009, katika ghasia zilizofuatia kuzuiwa kwa safari ya Kabaka kwenda Kayunga, watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Aprili 2011, wakati wa maandamano ya kwenda kazini kwa miguu, watu wasiopungua tisa waliuawa, na mmoja wao alikuwa mtoto mdogo wa Masaka ambaye hakuandamana popote. Novemba 18 na 19, 2020, baada ya kukamatwa kwa mgombea urais Robert Kyagulanyi wilayani Luuka, Kampala na miji mingine ililipuka, na Rais Yoweri Museveni mwenyewe alikiri mwishoni mwa mwezi huo kwamba watu 54 walikufa, wengine wao wakiwa wapita njia waliopatwa na risasi za kupotea. Aliyekuwa Waziri wa Usalama, marehemu Jenerali Elly Tumwine, alijitokeza hadharani siku zile na kusema kwamba polisi wana haki ya kuua ghasia zikifika kiwango fulani. Ni kiwango gani hicho? Kimeandikwa wapi? Askari konstebo wa miezi sita kazini akipime kwa kipimo kipi?

Hapo ndipo tunaposema kanuni ya maandishi si anasa. Kanuni ya kweli haitoshi kusema "nguvu inayofaa". Inaeleza askari aanze na maneno, lini aruhusiwe kutumia kirungu na kupiga sehemu gani za mwili, gesi ya machozi isirushwe ndani ya nyumba wala darasani, risasi ya mpira isipigwe kwa karibu au kichwani, na bunduki isiwe kifaa cha kutawanyia watu hata kidogo. Inaagiza aliyejeruhiwa apewe huduma ya kwanza na yule yule aliyemjeruhi, papo hapo. Halafu, na hili ndilo linalowaudhi wakubwa, inaagiza kila risasi iliyotoka ihesabiwe. Askari akitoka na risasi 30 akarudi na 27, aandike kabla ya kwenda kulala hizo tatu zimekwenda wapi, kwa sababu gani, mbele ya nani. Keshia wa benki akikosa shilingi elfu tano jioni, hafungi ofisi mpaka zionekane. Hatuoni kwa nini roho za watu ziwe na hesabu legelege kuliko noti.

Tunajua kuna watakaosema kwamba nguvu hazitumiwi na polisi peke yao. Ni kweli tupu, na inafanya jambo lenyewe kuwa zito zaidi. Tangu mwaka 2017 ulinzi wa uvuvi katika maziwa yetu ulikabidhiwa wanajeshi. Wavuvi wa mialo ya Ziwa Victoria wamelalamika mpaka bungeni kwamba wamepigwa, nyavu zimechomwa na boti fupi zimeharibiwa. Hatutetei uvuvi haramu; samaki wachanga wakimalizwa leo, Ggaba haitakuwa na mwalo kesho. Lakini kumkamata mtu kwa nyavu yenye matundu madogo ni kazi ya polisi hata ikifanywa na mtu mwenye kombati, na anayefanya kazi ya polisi afungwe na kanuni ya polisi. Vivyo hivyo kwa askari wa akiba, walinzi wa LDU na wale vijana wa kuzuia uhalifu ambao huibuka kila uchaguzi unapokaribia.

Gazeti la Kiswahili lina sababu yake ya ziada ya kulishikia bango suala hili. Kwa Waganda wengi wa umri mkubwa, lugha yetu hii waliifahamu kwanza kama lugha ya amri. Waliisikia kwenye kizuizi cha barabarani: kaa chini, toa kipande, lala. Operesheni za kukusanya raia miaka ya 1980 zilipewa jina la "panda gari", kwa sababu hayo ndiyo maneno ambayo mtu aliyasikia kabla ya kurushwa kwenye lori, na wengine hawakurudi. Wale wanaume wenye fimbo waliokuwa wakitumwa kuwacharaza waandamanaji nao wakaitwa kikosi cha Kiboko. Tangu mwaka 2005 Katiba inaitambua lugha hii kama lugha rasmi ya pili, na kila mwaka zinafanyika semina za kuuliza kwa nini wananchi hawaichangamkii. Tunadhani jibu lipo kituoni kuliko kwenye semina.

Sasa tuje kwenye daftari.

Daktari akimuua mgonjwa kwa uzembe, baraza la madaktari linaweza kumfuta katika orodha, na hospitali yoyote ya nchi hii ikimwajiri kutibu itakuwa imevunja sheria. Wakili akila fedha za mteja anafutwa. Hata dereva wa teksi akinyang'anywa leseni yake Kampala, hawezi kwenda kuendesha Mbarara kihalali. Askari polisi, ambaye peke yake katika hao wote amepewa ruhusa ya kumpiga raia risasi, hana leseni ya kufutwa. Ana namba ya ajira tu. Akifukuzwa, kinachokwisha ni mshahara wa kwa mwajiri yule. Sifa yake ya kushika silaha kwa niaba ya wengine haiguswi na mtu.

Na kufukuzwa kwenyewe ni nadra. Sheria ya Polisi ina mahakama za nidhamu zenye uwezo wa kutoa karipio, faini, kushusha cheo na kufukuza. Lakini dawa ambayo wananchi wameizoea ni uhamisho. Askari akikorofisha mtaa mmoja mpaka LC1 na viongozi wa dini wakaenda kulalamika, baada ya wiki chache haonekani tena. Watu wanashukuru. Hawajui kwamba wenzao wa wilaya nyingine wamepokea mzigo huo huo bila barua ya maelezo. Huo si utaratibu wa nidhamu, ni kupokezana moto.

Yaliyotokea Nalufenya yanatosha kuwa mfano. Mwaka 2017, picha za majeraha ya meya wa Kamwenge aliyekuwa ameshikiliwa katika kituo hicho cha Jinja ziliishtua nchi. Rais aliwaandikia wakuu wa vyombo vya ulinzi barua ya kukataza mateso, na baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani. Oktoba mwaka huo huo, Mahakama Kuu iliamuru watuhumiwa 22 wa mauaji ya aliyekuwa msemaji wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, walipwe shilingi milioni 80 kila mmoja kwa mateso waliyopata. Mwaka uliofuata, Inspekta Jenerali mpya, Martin Okoth Ochola, alikifunga kituo cha Nalufenya na akakivunja kikosi cha Flying Squad. Tulimpongeza, na pongezi hizo hatuzifuti. Hata hivyo jengo halipigi mtu. Lililofungwa ni jengo na kilichovunjwa ni jina la kikosi. Swali la nani alishika waya na nani alishika nyundo, na watu hao wanafanya kazi gani sasa, lilibaki likielea.

Fidia nazo, tukumbuke, hulipwa na serikali, na serikali haina shamba la kulima fedha. Mchuuzi wa mukene wa Ggaba, anayelipa ushuru wa soko na kodi ndani ya kila lita ya mafuta ya taa, ndiye anayemlipia mtesaji gharama zake. Bunge lilijaribu kurekebisha hilo. Sheria ya Kuzuia na Kukataza Mateso ya mwaka 2012 ilifanya mateso kuwa kosa la mtu binafsi lenye kifungo cha hadi miaka 15, na kusema wazi kwamba amri ya mkubwa si kinga. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 ikaongeza kwamba mtumishi wa umma aliyekiuka haki atawajibika yeye mwenyewe, hata kama serikali nayo inawajibika. Ni sheria nzuri mno. Tatizo ni kwamba zinahitaji kwanza ajulikane ni nani.

Hapa ndipo tunapogongana na vinyago. Katika uchaguzi mdogo wa Kawempe Kaskazini, Machi 2025, Waganda waliwaona watu wenye silaha waliofunika nyuso wakiwapiga wafuasi wa wagombea na waandishi wa habari mchana kweupe. Hawakuwa na majina kifuani wala namba begani. Mwandishi aliyepigwa atamshitaki nani, soksi? Afisa anayefanya kazi halali ya kulinda uchaguzi hana haja ya kuficha uso kama mwizi wa kuku. Tunataka jina na namba viwe mahali panapoonekana, na kuvificha kazini liwe kosa la kufukuzisha.

Na hata majina yakijulikana, barabara haijanyooka. Agosti 2016, mawakili waliitumia sheria ya mwaka 2012 kumfungulia mashitaka Inspekta Jenerali wa wakati huo, Jenerali Kale Kayihura, na maofisa wenzake, kutokana na kipigo walichopata wafuasi wa Dk. Kizza Besigye barabarani mwezi uliotangulia. Mahakama ilikuwa ya Makindye, ambayo ndiyo mahakama ya watu wa upande huu wa jiji. Siku ya kuitwa, washitakiwa hawakuonekana. Kilichoonekana ni kundi la watu lililoizingira mahakama likipiga kelele za kumuunga mkono bosi wa polisi, na mawakili wa walalamikaji ikabidi wanusuriwe. Wapita njia wa siku ile walijifunza somo ambalo hakuna sheria iliyolifuta bado.

Tukirudi kwenye daftari, tunaona lazima lifike mbali kuliko kuta za polisi. Kampala ni jiji la walinzi. Kila duka kubwa, kila benki, kila nyumba yenye geti la maana kuanzia Muyenga hadi Munyonyo ina mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akiwa na bunduki mapajani. Kampuni zinazowaajiri zinapewa vibali na polisi wenyewe. Mtu aliyeondolewa polisi kwa kupiga raia ana ujuzi hasa unaotafutwa na kampuni hizo, na mwajiri hana mahali pa lazima pa kuuliza alitoka vipi. Anaonyeshwa cheti cha mafunzo, anaajiri.

Na hata ndani ya polisi taarifa hazitembei. Mei 2023, konstebo mmoja alimpiga risasi na kumuua mkopeshaji fedha katikati ya Kampala, tukio ambalo kamera zililinasa na nchi nzima ikalitazama. Polisi walieleza baadaye kwamba askari huyo alikuwa na historia ya maradhi ya akili na alikwisha kuzuiwa kushika bunduki. Siku ile alichukua ya mwenzake. Zuio lilikuwapo. Lilikuwa kwenye faili.

Wenye mashaka watauliza kama haya yamewahi kufanyika popote. Uingereza na Wales zina orodha tangu Desemba 2017: afisa aliyefukuzwa anaandikwa humo, na hakuna jeshi la polisi linaloruhusiwa kumwajiri. Marekani wamechelewa na wamelipia. Mwaka 2014 mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, aliyekuwa akichezea bastola ya bandia kwenye bustani mjini Cleveland, aliuawa na askari ambaye kituo chake cha kwanza kilikwisha kumwona hafai. Cleveland ilimwajiri bila kulisoma jalada lake. Alipofukuzwa mwaka 2017, kosa lililotajwa halikuwa kumuua mtoto, bali kudanganya kwenye fomu ya kuombea kazi. Na bado mwaka 2018, na tena mwaka 2022, miji mingine miwili midogo ilikuwa tayari kumvika sare, mpaka wananchi walipopiga kelele. Jimbo kubwa kama California liliweka utaratibu wa kumfutia askari kibali mwaka 2021 tu, baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis na afisa ambaye malalamiko dhidi yake yalikuwa zaidi ya kumi na tano.

Karibu zaidi ni Kenya. Jirani zetu walitunga sheria ya matumizi ya nguvu kwa kirefu mwaka 2011, wakaunda IPOA, mamlaka ya kiraia ya kuchunguza polisi, na tangu mwisho wa 2013 wakaanza kuwasaili maofisa mmoja mmoja kuona nani abaki. Hatusemi Kenya imekuwa pepo. Vijana waliouawa katika maandamano ya Juni 2024 na kifo cha Albert Ojwang katika kituo kikuu cha polisi cha Nairobi, Juni 2025, ni ushahidi kwamba chombo peke yake hakizuii rungu. Lakini tazameni kilichofuata katika hilo la pili. Polisi walidai kijana alijigonga ukutani. Daktari wa serikali akasema majeraha hayafanani na hadithi hiyo. IPOA ikachunguza, na maofisa wakiwemo wa ngazi ya mkuu wa kituo wakafikishwa mahakamani kwa mauaji. Huku kwetu hadithi ya ukutani ingeweza kuwa ndiyo taarifa ya mwisho. Tanzania nako, bila chombo kama hicho, askari aliyemuua mwandishi Daudi Mwangosi huko Nyololo mwaka 2012 alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016, na sababu kubwa ni kwamba picha zilipigwa. Haki inayotegemea kama mpiga picha alikuwa karibu ni bahati nasibu.

Hatuna ugomvi na polisi. Tunajua konstebo wa Kampala analala katika nyumba ya bati ambayo mchana haiwezi kukaliwa, anasimama juani saa kumi na mbili, na mshahara wake haumalizi mwezi. Tunajua pia kwamba kazi hiyo inaua: Oktoba 2022, wavamizi walikiingia kituo cha Busiika, Luweero, wakaua askari wawili na kuondoka na silaha. Askari aliyevamiwa ana haki ya kujilinda, na kanuni tunayoitaka inamlinda huyo kwanza, kwa kuwa atakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba alifanya alichofundishwa. Leo hana. Mkubwa akimwambia "washughulikieni", neno hilo halina maana katika sheria yoyote, na mambo yakiharibika mkubwa atasema hakumaanisha hivyo.

Kuna wakubwa wanaopenda kutuambia kwamba wabaya ni wachache. Tunakubali. Lakini watu wa Ggaba hawahitaji kuelezwa na mtu wa Naguru kuhusu wachache. Samaki mmoja akioza, muuzaji hasubiri hesabu. Anamtoa upesi, anamtupa mbali na kapu, na hampi jirani yake amuuze kwenye meza nyingine.

Kwa hiyo tunalitaka Bunge lilete marekebisho ya Sheria ya Polisi. Liandike kanuni ya nguvu kwa lugha ambayo konstebo ataielewa, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiganda, na lifute ruhusa ya kumpiga risasi mtu anayekimbia asiyehatarisha uhai wa mtu. Liunde bodi ya vibali vya polisi ambayo wengi wa wajumbe wake si polisi: jaji mstaafu, mtu wa Tume ya Haki za Binadamu, daktari, wakili, na afisa wa polisi aliyestaafu kwa heshima. Askari asikilizwe, awe na wakili, awe na rufaa mahakamani. Hatutaki bodi ya kulipiza visasi vya kisiasa au ya kuwamaliza wanaokataa amri haramu. Anayejiuzulu siku moja kabla ya shauri lake, shauri liendelee bila yeye. Aliyefutiwa kibali asiajiriwe na polisi, jeshi la akiba, manispaa wala kampuni ya ulinzi, na kampuni itakayompa bunduki ipoteze leseni yake. Kamanda aliyemhamisha mtu mwenye malalamiko mazito bila kupeleka jalada lake, naye aitwe mbele ya bodi hiyo hiyo.

Inspekta Jenerali naye ana mambo ambayo hayahitaji kusubiri Bunge. Waziri wa Fedha hatakosa usingizi kwa sababu ya daftari la kuhesabia risasi, na vibandiko vya majina vinashonwa Owino kwa bei ya kikombe cha chai. Tume ya Jaji Julia Sebutinde iliuchunguza ufisadi ndani ya polisi tangu mwaka 1999, ikaandika mapendekezo mengi, na baadhi yake yangali na vumbi. Si lazima iundwe tume nyingine ili ijulikane kwamba askari asifiche namba yake.

Na Wizara ya Afya ikae na polisi wiki hii kuhusu ile karatasi. PF3 ya mtu anayemlalamikia askari ipatikane hospitalini, mapokezi, ijazwe na mganga aliyemwona mgonjwa, nakala moja iende kwa Tume ya Haki za Binadamu na moja abaki nayo mwenyewe. Waanze na Kiruddu, halafu watuambie ni watu wangapi wa Ggaba walioiomba mwezi wa kwanza.